Usiku natoa upepo kwenye tairi la baiskeli ya baba watoto

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu lisitokee. Nina miaka 31, nimeolewa miaka minane, tunaishi Tabata hapa Dar es Salaam, vyumba viwili vya kupanga. Nianze na la aibu nisije nikaishia kulificha. Mwezi huu, mara tatu, nimeamka usiku wa manane, nikatoka koridoni inakolala baiskeli ya mume wangu, nikatoa upepo kwenye tairi la nyuma. Sikutoboa kitu. Natoa upepo, nanawa mikono, narudi kulala. Asubuhi baba watoto anakuta tairi limekaa, anawasema watoto wa mpangaji mwenzetu. Fundi wa baiskeli hafungui hadi saa mbili, kwa hiyo siku hiyo yeye anakimbilia daladala na watoto nawapeleka mimi.

Nikueleze kilichonifikisha huko. Tuna binti wa miaka sita, yuko darasa la kwanza, na mdogo wake wa kiume ametimiza miaka mitatu majuzi. Shule ya binti iko Buguruni. Tulimwandikisha huko kwa sababu mama mkwe anakaa jirani na shule. Mdogo anashinda kwake, binti akitoka darasani anakwenda hapohapo, wanakula, wanamsubiri baba yao atoke kazini. Baba watoto ni seremala na karakana yao iko hukohuko Buguruni. Mimi nauza supu na chapati. Moto nawasha saa kumi alfajiri, na wateja wangu ni wa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu. Wakipita hao, sufuria inabaki ya kutazamana. Kwa hiyo kupeleka watoto ni kazi yake, na anaifanya kwa baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix, ile nyeusi nzito ya chuma. Mdogo anakaa mbele juu ya bomba, kwenye kanga iliyokunjwa ikafungwa kwa mpira wa tyubu. Binti anakaa nyuma kwenye keria, juu ya kipande cha godoro, mkoba mgongoni, ameshika shati la baba yake. Wakiwa mtaani sina neno, ni vumbi na kuku. Shida ni Barabara ya Mandela. Kama unaijua, Mama, unajua malori ya bandarini yanavyopita pale, yale marefu yenye makontena, moja likiisha jingine linafuata, halafu daladala zinazochomekea, halafu bodaboda wanaokupita kushoto mahali ambapo hata wewe hukujua kama pana njia.

Mwezi wa tatu, masika yalipoanza, walianguka. Lori lilipita karibu, baba watoto akakwepa, gurudumu la mbele likatoka kwenye ukingo wa lami, pale lami inapoishia juu na chini ni tope. Wakaenda kushoto, upande wa mtaro. Mdogo alipasuka mdomo. Binti alichubuka goti, na kisigino kikaingia kwenye spoku. Mimi niliambiwa jioni: "Tuliteleza kidogo." Ukubwa wa jambo niliujua nilipokuwa namwogesha binti. Akaniambia, "Mama, tairi la lori lilikuwa kubwa kuliko mimi." Tangu siku hiyo nikiwa nasukuma chapati nasikia sauti hiyo. Simu ikiita kabla ya saa mbili mikono inanitetemeka.

Nimezungumza naye, Mama, usidhani nimenyamaza. Ana majibu ya kila kitu. Anasema makondakta hawataki wanafunzi saa za asubuhi, na ni kweli, nimewaona wenyewe wakiwazuia mlangoni kwa mkono kwa sababu nauli yao ni ndogo. Anasema bodaboda atawapakia watoto wake mshikaki na kukimbia nao, wakati yeye mwendo wake ni wa mtu anayekimbia polepole. Gari la shule si la shule ile, na magari ya kukodi ya wanafunzi tulipouliza, kwa wawili ni pesa inayokaribia kodi ya chumba kimoja. Halafu ananionyesha kwenye simu video za Uholanzi, akina mama wamepakia watoto watatu watatu kwenye baiskeli, wanacheka. "Hawa nao ni wajinga?" ananiuliza. Mama mkwe naye amemaliza kazi: "Mumeo mwenyewe amekulia kwenye keria, mbona amekuwa mtu mzima akakuoa?"

Na kuna jambo linalonichanganya zaidi. Watoto wanaipenda baiskeli hiyo. Binti yangu amejulia kusoma pale. Baba yake anamwambia asome maandishi ya nyuma ya daladala, wakifika kwa bibi anamsomea yote. Siku nikiwapeleka mimi tunatembea nao karibu saa nzima, mdogo analia abebwe, binti ananuna, nami nakosa wateja. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mama, kwa nini tairi linaishiwa upepo siku ya Jumatatu tu?" Nikajifanya sijasikia.

Je, nimkataze kabisa? Nimpeleke kwa mjomba wake akamseme? Au mimi ndiye mwoga, na woga wangu ndio unaoharibu nyumba?

Mama wa wawili, Tabata

MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Umeanza na la aibu, nami niruhusu nianzie hapohapo, ila si kwa kukusuta. Mtu anayeamka usiku wa manane kutoa upepo kwenye tairi amekwisha kusema mchana, hakusikika. Nimekuelewa. Lakini nina wasiwasi mmoja ambao huenda hukuufikiria. Mara zote tatu alikuta tairi limekaa chini kabisa, likamkatalia. Je, siku ya nne ukisikia mlango wa mpangaji unafunguka, ukakimbia kabla upepo haujaisha? Asubuhi ana haraka, analibonyeza kwa kidole gumba, anaona linatosha. Tairi lililolegea linayumba kwenye kona, rimu inapiga kila shimo, na baiskeli yenye watu watatu haisikii usukani. Nalo ni tairi la nyuma, juu yake amekaa binti yako. Hapo ulipodhani unawakinga ndipo nilipoogopa zaidi niliposoma barua yako, kuliko hata pale kwenye lori.

Sasa nikurudishie barua yako kwa maneno yangu, uniambie kama nimekosea. Mumeo anawapeleka watoto wawili kwa baiskeli moja kwenye barabara ya malori. Mwezi wa tatu walianguka. Yeye alikwambia waliteleza kidogo. Wewe unamwacha aamini tairi limetolewa upepo na watoto wa jirani. Nyumba yenu ina siri mbili juu ya baiskeli moja, yake na yako, na katikati yupo binti wa miaka sita ambaye anazijua zote mbili. Swali lake la Jumatatu, mwanangu, halikuwa swali la tairi.

Kwa nini yeye alilipunguza anguko lile? Wewe unaelekea kuamini ni kwa sababu halijali. Huenda. Lakini fikiria pia mwanamume aliyeona watoto wake wameanguka chini huku tairi la lori likipita pembeni, akawaokota, akawafuta tope, akawafikisha kwa bibi yao, kisha akaingia karakana kuranda mbao mpaka jioni. Wengine wakiogopa sana hawapati pa kuiweka hofu ile, wanaifanya ndogo ili iingie mdomoni. Simtetei. Nakuuliza tu kama umewahi kumwuliza siku ile yeye alijisikiaje, au ulimwuliza tu kwa nini alifanya vile.

Tuje kwenye baiskeli. Umeandika kama vile hatari imekaa ndani yake, ikitoka baiskeli nayo hatari imetoka. Rudia kisa chako mwenyewe uone kilichowaangusha: lori lililopita karibu kupita kiasi, lami iliyoishia kama ngazi, na mvua. Niongeze la nne ambalo mafundi wanalijua: zile Phoenix za zamani breki zake ni mpira unaobana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Mzigo wa watu watatu, rimu imelowa, baiskeli inasimama pale inapotaka yenyewe. Kati ya mambo hayo manne, mawili mumeo hana mamlaka nayo hata kidogo. Mawili anayo: siku ya mvua anaweza kuamua wasipande, na breki zinaweza kubadilishwa au kutazamwa na fundi.

Ukiwatembeza kwa miguu unapita wapi? Hujasema, lakini nadhani ni Mandela hiyohiyo, pembezoni palepale, umemshika mmoja mkono na mwingine mgongoni, halafu mnavuka. Mtoto wa miaka sita anayetembea bado hajui kukisia gari lile liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Macho yake anayo, hesabu hiyo bado. Kwa hiyo siku unazowapeleka wewe hofu yako hutulia, kwa kuwa mkono ulio nao ni wako. Sina hakika kama na hatari nayo hutulia kwa kiasi hichohicho. Na bodaboda ambaye mumeo anamkataa, hapo namwunga mkono mumeo: pikipiki inaanguka kwa kasi mara tatu, mara nne ya baiskeli yake, na dereva ana abiria mwingine anayemsubiri.

Lakini na yeye ana dhana zake, na ukipenda msomee sehemu hii. Anasema mwendo wake ni wa kukimbia polepole. Ni kweli, ila anayeamua ukubwa wa ajali pale si mwendo wa baiskeli, ni mwendo wa lori. Sheria yetu inaruhusu kilometa 50 kwa saa kwenye makazi. Chombo kinachokwenda 50 kinagonga kwa nguvu karibu mara tatu ya kilekile kikiwa kwenye 30, na sote tunajua asubuhi barabara ikiwa nyeupe dereva hashikilii hata hiyo 50. Upole wa baba hausaidii mbele ya hesabu hiyo.

Na video za Uholanzi. Hawa nao ni wajinga? Hapana, si wajinga, ila hawakuzaliwa wakicheka hivyo. Mwaka 1971 peke yake zaidi ya watoto 400 walikufa kwenye barabara za nchi ile ndogo. Wazazi wakaingia mitaani, wakaanzisha harakati waliyoipa jina lisilo na adabu hata kidogo: "Acheni kuua watoto." Waliziba barabara, wakalala kwenye lami na baiskeli zao. Ilichukua miaka mingi hadi baiskeli zikapata njia zake zilizotengwa na magari yakapunguzwa mwendo kwenye makazi. Yule mama anayecheka kwenye simu ya mumeo anapita kwenye njia ambayo lori la kontena haliingii. Mumeo ameona baiskeli, hakuona barabara. Wewe, kwa upande wako, umeona barabara ukailaumu baiskeli. Mkikaa pamoja mnaweza kuona picha nzima.

Mama mkwe wako nitamjibu kwa heshima, kwa sababu ni mwenzangu kwa umri. Mimi nami nimekulia kwenye keria. Baba yangu alinipeleka shule Tabora kwa Raleigh, na kisigino changu cha kulia kina kovu refu kama punje ya muhindi wa kukaanga, kumbukumbu ya spoku. Siku zile kwenye njia yetu nzima tulikuwa tunapishana na gari moja, la misheni, na tulilipungia mkono. Siwezi kuichukua Tabora ya utoto wangu nikaiweka juu ya Mandela ya leo nikasema ni mamoja. Tena waliokulia kwenye keria na kuyasimulia ni sisi tuliofika. Lakini kuwa mwangalifu na bibi huyo. Ndiye anayewashikia watoto kila siku bila malipo, na neno lake lile la kejeli huenda ni namna yake ya kusema: msinihamishie wajukuu.

Basi mna nini mkononi? Nitataja nionavyo mimi, na kila moja lina bei yake.

Mnaweza kuibadilisha namna ya kubeba. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kama ningekuwa nyumbani kwenu, kwa sababu ndipo penye mengi yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Kisigino kwanza. Mguu wa mtoto kuingia kwenye spoku ni jeraha la kawaida kabisa la watoto wa keria, na dawa yake ni rahisi kwa seremala: kibao chembamba au kipande cha dumu la plastiki pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na mahali pa kuwekea nyayo ili miguu isining'inie. Anayetengeneza makabati ya watu hashindwi hilo Jumapili moja. Pili, yule mdogo wa mbele. Kwenye bomba hana pa kuegemea wala cha kumshika, na baba akifunga breki ghafla, kifua cha baba kinamsukuma kwenye usukani. Kiti chenye mgongo na mkanda, kilichofungwa imara, ni kitu kingine kabisa. Baiskeli za mtumba kutoka Japani zimejaa mjini, na nyingine huja na kiti cha mtoto tayari. Wajapani wenyewe walivutana sana juu ya jambo hili, na mwaka 2009 wakaruhusu mzazi kubeba watoto wawili wadogo, ila kwa baiskeli zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, fremu ngumu, breki kali, na stendi pana isiyoyumba. Stendi usiidharau. Watoto wengi huumia baiskeli ikiwa imesimama kabisa, mzazi amegeuka kuchukua mkoba, baiskeli ikalala nao. Anayepanda wa mwisho na kushuka wa kwanza awe mtoto, na mkono mmoja wa mkubwa usiiachie.

Kofia ngumu ni nzuri, ya saizi ya mtoto, si ile ya bodaboda ambayo ni mzigo kwa shingo yake. Itamsaidia akianguka kama alivyoanguka mwezi wa tatu. Kwa lori, tusidanganyane, haitasaidia kitu. Hiyo ndiyo bei ya njia hii yote: mkishatengeneza kiti, vibao na breki, mnaweza kujisikia salama kuliko mlivyo, na Mandela ipo palepale.

Kwa hiyo lipo suala la njia. Je, lazima Mandela iwe ndefu kiasi hicho? Tabata na Buguruni zina mitaa ya ndani, ya vumbi na kuku kama ulivyosema. Huenda inaongeza dakika kumi na tano. Huenda kipande cha barabara kuu kisichoepukika kikabaki kifupi, na kipande hicho akashuka, akaikokota baiskeli na watoto wakiwa juu au wakitembea upande wa ndani. Mwanamume anayekokota baiskeli yenye watoto hajapungukiwa kitu, ingawa najua hapo karakana kuna wa kumcheka. Na pale anapolazimika kupanda, wenye uzoefu wanasema asijibanze ukingoni kabisa mwa lami. Ukijibanza, madereva wanadhani pana nafasi ya kukupita bila kuhama, halafu huna pa kukwepea ila mtaroni. Tena asikae kamwe kushoto kwa lori linalotaka kukata kushoto, maana dereva hamwoni.

Mnaweza kugawana watoto: mdogo abaki Tabata asubuhi na jirani au chekechea ya mtaani, baiskeli ibebe mmoja. Inapunguza uzito na kurahisisha usukani, lakini ni gharama, na bibi atahisi amenyang'anywa. Mnaweza kumhamishia binti shule ya karibu na nyumbani mwakani, na hapo mtafute nani wa kumpokea mchana. Ukiuza supu hadi saa tatu, mchana wako ukoje? Sijui, hukuniambia, na ningependa ujiulize kwa nini hilo halikuwamo kwenye barua ndefu kama hii. Mnaweza kuunganisha watoto wa mtaa wenu wanaokwenda upande ule, wazazi wakapokezana zamu ya kuwatembeza, ikawa asubuhi moja ya supu iliyopotea kwa wiki badala ya tano. Zamu za namna hiyo huanza vizuri na kufa kimyakimya mvua ikianza, lazima awepo mkali mmoja.

Na lipo la mbali kidogo, nalitaja kwa sababu hapa Dar limefanyika. Shirika la Amend limezunguka shule za msingi za jiji hili likiweka matuta, vivuko na njia za watembea kwa miguu kwenye barabara zinazozizunguka, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya World Resources Institute. Matuta na vigingi, mwanangu, si teknolojia ya kutisha. UWABA nao, waendesha baiskeli wa Dar, wamekuwa wakidai njia za baiskeli kwa miaka. Kamati ya shule ya binti yako ina kikao. Ukienda na kisa cha kisigino na mdomo uliopasuka, utakuta si wewe peke yako. Hilo halitakusaidia Jumatatu ijayo, nalo nalijua.

Umeniuliza kama umkataze. Nikikwambia mkataze, utakwenda nyumbani na neno langu mkononi kama fimbo, naye atakuuliza watoto waende na nini, na huna jibu bado. Nikikwambia mwache, nitakuwa nimeitupa ile sauti ya binti yako inayokujia ukisukuma chapati, na mimi sauti ile naiheshimu. Mjomba naye ningemwacha kwanza apumzike. Akishaingia mjomba, baiskeli inakuwa suala la nani mkubwa ndani ya nyumba, watoto wanasahaulika.

Kuna kitu kidogo ningekijaribu kabla ya hayo. Siku moja ya mapumziko, watoto wakiwa kwa bibi, mwombe mumeo akutembeze njia anayopita. Kwa miguu, nyinyi wawili. Usiende kama mkaguzi. Mwambie, "Nionyeshe pale mlipoanguka." Kisha nyamaza umsikilize. Pale anapoogopa yeye utapaona, kwa sababu pale atapunguza hatua au ataongea haraka. Yule ndiye mtu wa kupanga naye, si yule wa kwenye simu mwenye video.

Na la tairi? Kulisema ni lako. Ukilisema anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika kidogo, watoto wa jirani wamesemwa bure. Usiposema, kumbuka kuna shahidi wa darasa la kwanza ndani ya nyumba, tena anayejua kusoma. Wengine wangelisema palepale kwenye ukingo wa lami, baada ya yeye kusema lake. Wengine wangesubiri. Unamjua mumeo kuliko mimi. La kutosubiri ni moja tu: usirudi tena koridoni usiku. Na nunua pampu, ikae ndani.

Kuhusu uoga: mama mwenye watoto wawili juu ya chuma kimoja, kando ya kontena la tani nyingi, akaogopa, mimi sioni anachokosea.

Niandikie mkishatembea. Na uniambie binti yako amesoma nini nyuma ya daladala wiki hii, maana siku hizi wanaandika mambo.